Kurkumini

Kurkumini ni kampaundi ya asili inayoyapa manjano rangi yake ya njano iliyokolea. Hupatikana katika tunguu, yaani shina linalokua chini ya ardhi, la mmanjano (Curcuma longa), mmea wa familia ya tangawizi. Kwa karne nyingi manjano yametumika kama kiungo cha chakula, rangi ya nguo na dawa ya asili katika Asia ya Kusini na katika mwambao wa Afrika Mashariki. Siku hizi kurkumini hutengwa viwandani, hukolezwa na kuuzwa kama kirutubisho cha nyongeza katika umbo la vidonge, kapsuli na unga.

Kurkumini imechunguzwa sana na wanasayansi, lakini matokeo yake kwa binadamu ni madogo kuliko matangazo ya wauzaji yanavyodai. Manjano yanayotiwa katika chakula ni salama kwa karibu watu wote. Kidonge chenye kurkumini iliyokolezwa ni kitu tofauti: kinaweza kuingiliana na dawa za hospitali na, kwa watu wachache, kudhuru ini. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika mikoa kama Iringa na Mbeya, ambako watu wengi hutumia dawa kila siku kwa maisha yao yote.

Jina

Neno "kurkumini" limetokana na "Curcuma", jina la kisayansi la jenasi ya mmanjano, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu "kurkum". Kiungo chenyewe kina majina kadhaa katika Kiswahili. Katika mwambao na Zanzibar huitwa manjano. Katika sehemu nyingi za bara huitwa binzari, bizari au binzari manjano. Msomaji aangalie kwamba neno "binzari" hutumika pia kwa viungo vingine, hasa binzari nyembamba na mchanganyiko wa viungo vya mchuzi. Viungo hivyo havina kurkumini, isipokuwa mchanganyiko uliotiwa manjano.

Kemia

Fomula ya kurkumini ni C21H20O6, na uzito wake wa molekuli ni takriban gramu 368 kwa moli. Ni fuwele za rangi ya njano ya machungwa zinazoyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 183 za Selsiasi. Haiyeyuki vizuri katika maji, ila huyeyuka katika mafuta na alkoholi. Ndiyo sababu manjano yaliyokaangwa na kitunguu katika mafuta hutoa rangi nzuri kuliko yaliyokorogwa katika maji matupu.

Kurkumini ni moja ya kampaundi tatu zinazofanana, ambazo kwa pamoja huitwa kurkuminoidi. Nyingine mbili ni demethoksikurkumini na bisdemethoksikurkumini. Kwa kawaida kurkuminoidi zote kwa pamoja ni kati ya 2% na 5% tu ya uzito wa unga mkavu wa manjano. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, nyuzinyuzi, maji, protini na mafuta yenye harufu.

Kurkumini hubadili rangi kulingana na asidi na besi. Katika asidi hubaki ya njano, na katika besi hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia. Jambo hilo huonekana nyumbani: doa la manjano kwenye nguo nyeupe hugeuka jekundu likipakwa sabuni, na mchuzi wenye manjano hubadilika rangi ukitiwa magadi. Katika maabara ya shule, karatasi iliyolowekwa katika maji ya manjano na kukaushwa inaweza kutumika kama kionyeshi cha besi mahali pasipo na litmasi.

Historia

Mmanjano ulianza kulimwa Asia ya Kusini, na inaaminika kwamba ulifika Afrika Mashariki katika karne ya 8 hivi kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. India hadi leo ndiyo mzalishaji na mtumiaji mkubwa kuliko nchi zote.

Kurkumini ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815 na wanakemia Vogel na Pelletier wa Ufaransa. Muundo wake ulielezwa mwaka 1910 na Miłobędzka, Kostanecki na Lampe, na mwaka 1913 Lampe alifaulu kuitengeneza katika maabara.

Pelletier huyohuyo, akiwa na mwenzake Caventou, alitenga kwinini kutoka gome la mkwinini mwaka 1820. Kampaundi hizo mbili zilitoka mikononi mwa mtu mmoja lakini zikapita njia tofauti. Kwinini ilithibitika kutibu malaria na ikawa dawa ya hospitali duniani kote. Kurkumini, karne mbili baadaye, haijasajiliwa kama dawa ya ugonjwa wowote na mamlaka kubwa za dawa kama zile za Marekani na Umoja wa Ulaya. Kutoka kwenye mmea hakutoshi kuifanya kampaundi kuwa dawa, wala hakuizuii kuwa dawa. Kinachoamua ni majaribio kwa wagonjwa.

Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilipinga, likionyesha maandishi ya kale yaliyothibitisha kwamba matumizi hayo yalijulikana India tangu zamani. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 1997. Kesi hiyo hutajwa mara nyingi katika mijadala ya kulinda elimu ya jadi ya mataifa yanayoendelea, yakiwemo ya Afrika.

Manjano katika Nyanda za Juu Kusini

Mmanjano hupenda joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi na mvua nyingi. Miji ya Iringa (takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari) na Mbeya (takriban mita 1,700) ina baridi, hasa miezi ya Juni na Julai, kwa hiyo maeneo yake ya juu hayafai sana kwa zao hilo. Hali ni tofauti katika mabonde ya chini, kama Kyela kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, penye joto na mvua ya kutosha. Nchini Tanzania manjano hulimwa zaidi Tanga, hasa milima ya Usambara ya Mashariki wilayani Muheza, pamoja na Morogoro na Zanzibar.

Kwa sababu hiyo, manjano kwa wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini ni bidhaa ya sokoni. Husafiri kwa barabara kuu iendayo Tunduma na huuzwa kwa kipimo cha kijiko au kwa vifuko vidogo pamoja na mdalasini, iliki na pilipili manga. Matumizi makuu ni katika pilau, mchuzi wa nyama, maharage, viazi na mboga. Wengine huyachemsha pamoja na tangawizi na limau wakati wa mafua. Desturi ya kunywa mchanganyiko wa namna hiyo iliongezeka nchini wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020 na 2021, sambamba na kujifukiza.

Kijiko na kidonge

Ili kuelewa madai ya kiafya ni lazima kulinganisha viasi. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano kina uzito wa gramu 3 hivi. Ikiwa 3% ya unga huo ni kurkuminoidi, kijiko hicho kina takriban miligramu 90. Kikitiwa katika sufuria ya mchuzi wa watu sita, kila mlaji hupata miligramu 15.

Kapsuli nyingi za kurkumini zina miligramu 500, na maelekezo ya kawaida ni mbili kwa siku, yaani miligramu 1,000. Hicho ni kiasi cha vijiko 11 vya unga kwa siku, au zaidi ya mara 60 ya kile anachopata mlaji wa mchuzi. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani imeweka kiwango kinachokubalika cha kurkumini kama rangi ya chakula (namba E100) kuwa hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 180.

Kwa hiyo kauli kwamba "mababu walitumia manjano bila madhara" ni ya kweli kwa mchuzi, lakini haiwezi kuhamishiwa kwenye kapsuli. Hakuna aliyewahi kula vijiko 11 kila siku kwa miezi mingi kama chakula cha kawaida. Vilevile, tafiti zilizofanywa kwa miligramu 1,000 au zaidi haziwezi kutumika kudai kwamba kikombe kimoja cha chai ya manjano kinatibu ugonjwa.

Namna inavyonyonywa mwilini

Kurkumini inayomezwa hunyonywa kidogo sana na utumbo. Sehemu kubwa hutoka kwa choo. Kiasi kinachoingia katika damu hubadilishwa haraka na vimeng'enya vya utumbo na vya ini, kisha huondolewa. Aidha, kurkumini si imara: katika majaribio ya maabara kwenye myeyusho usio na protini, wenye pH 7.2 na joto la mwili, takriban 90% yake huvunjika ndani ya dakika 30.

Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, kampaundi inayoipa pilipili manga ukali wake, huongeza kiasi cha kurkumini katika damu. Watu waliopewa gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini walikuwa na ongezeko la 2,000%. Tangu hapo watengenezaji wengi wameongeza piperini katika kapsuli zao. Piperini hufanya kazi hiyo kwa kuvizuia vimeng'enya vinavyoiondoa kurkumini. Vimeng'enya hivyo, hata hivyo, huondoa pia dawa nyingi za hospitali, na hapo ndipo tatizo linapoanza.

Faida zilizochunguzwa

Katika maabara, kurkumini huonekana kupunguza uvimbe wa seli, kuzuia oksidisho na hata kuua seli za saratani. Matokeo hayo hupatikana kwa kumwagia seli kiasi kikubwa ambacho damu ya binadamu haikifikii kwa kumeza. Tena kurkumini hung'aa na kushikamana na protini nyingi ovyo, hivyo inaweza kudanganya vipimo vya maabara na kuonekana inafanya kazi hata isipofanya.

Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa dawa, likiongozwa na Kathryn Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, lilipitia tafiti zilizokuwepo, yakiwemo majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu. Walihitimisha kwamba hakuna jaribio madhubuti lililothibitisha kurkumini kuwa tiba. Imani ya watafiti ilitikiswa pia na kuondolewa kwa makala zaidi ya 15 za kisayansi za mtafiti mmoja wa Houston, Texas, aliyekuwa miongoni mwa waandishi waliotajwa sana kuhusu kurkumini. Picha katika baadhi ya makala hizo ziligunduliwa kuwa na kasoro.

Yapo hata hivyo maeneo machache ambako majaribio kwa wagonjwa yametoa matumaini:

Kusagika kwa magoti. Mwaka 2014 jaribio la Thailand kwa wagonjwa 367 lililinganisha miligramu 1,500 za dondoo la manjano kwa siku na miligramu 1,200 za ibuprofeni. Baada ya wiki nne nafuu ya maumivu ilikaribiana, na waliotumia manjano walilalamika kidogo kuhusu tumbo. Tafiti nyingine ndogo zimetoa matokeo yanayofanana, ingawa nyingi zilidumu wiki chache tu.

Vidonda vya utumbo mpana. Mwaka 2006 jaribio la Japani liliwapa wagonjwa wa ugonjwa huo gramu 2 za kurkumini kwa siku pamoja na dawa zao za kawaida. Katika miezi sita, ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43 waliopata kurkumini, na 8 kati ya 39 waliopewa vidonge visivyo na kurkumini. Wagonjwa wote waliendelea na dawa za hospitali.

Maumivu ya tumbo na kuvimbiwa. Mwaka 2023 jaribio jingine la Thailand, lililoanza na watu 206, lilikuta kurkumini ikilingana na omeprazoli katika kupunguza dalili za tumbo baada ya siku 28 na siku 56.

Kwa saratani, kisukari, shinikizo la damu na UKIMWI, kurkumini haijathibitika kuwa tiba. Jaribio dogo lililoripotiwa Marekani mwaka 1996 lilikuta kwamba haikupunguza idadi ya virusi katika damu ya watu wenye VVU.

Madhara na tahadhari

Ini. Mwaka 2019 Italia iliripoti wagonjwa zaidi ya 20 wa homa ya ini iliyohusishwa na virutubisho vya manjano. Mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia madhara ya dawa kwa ini ulieleza wagonjwa 10. Watano walilazwa na mmoja alifariki. Wengi wao walikuwa na aina moja ya jeni za kinga, jambo linaloonyesha kwamba hatari huwapata watu wachache wasiojijua. Dalili za kuangalia ni uchovu mkubwa, kichefuchefu, mkojo mweusi, kuwashwa mwili na macho kugeuka njano. Rangi hiyo ya macho haitokani na manjano yaliyoliwa. Ni ishara ya ini kushindwa kazi, na mtu aende hospitali mara moja.

Damu. Kurkumini inaweza kuongeza nguvu ya dawa zinazozuia damu kuganda. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa onyo baada ya mtumiaji wa warfarini kuanza kirutubisho cha manjano na kipimo chake cha kuganda kwa damu kupanda hadi kiwango cha hatari. Watu wanaosubiri upasuaji hushauriwa kuacha kapsuli hizo wiki mbili kabla.

Madini ya chuma. Kurkumini hushikamana na chuma. Kwa kiasi kikubwa inaweza kupunguza kunyonywa kwake, jambo la kuangaliwa na wenye upungufu wa damu.

Nyongo na ujauzito. Kurkumini husababisha mfuko wa nyongo kujikaza, hivyo haifai kwa wenye mawe ya nyongo. Wajawazito wanaweza kula manjano katika chakula, lakini hawashauriwi kutumia kapsuli.

Watumiaji wa dawa za muda mrefu

Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya UKIMWI wa 2022/2023 ulionyesha kwamba 4.4% ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Mikoa yenye viwango vya juu kabisa ilikuwa ya Nyanda za Juu Kusini: Njombe 12.7%, Iringa 11.1% na Mbeya 9.6%. Katika mikoa hiyo, kaya nyingi zina angalau mtu mmoja anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo (CTC) na kumeza dawa za kufubaza virusi (ARV) kila siku.

Kwa watu hao hatari ya kwanza ni kuacha dawa. ARV zinapotumika vizuri, virusi hupungua hadi visionekane katika kipimo, na mtu huyo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiziacha kwa kuamini kwamba kirutubisho cha asili kinatosha, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache na vinaweza kujenga usugu.

Hatari ya pili ni mwingiliano. Mwaka 2007 jaribio kwa watu wenye afya lilionyesha kwamba piperini iliongeza sana kiasi cha nevirapini, ARV iliyotumika kwa miaka mingi, katika damu yao. Siku hizi dawa kuu nchini ni dolutegraviri, nayo huondolewa mwilini kwa njia ambayo piperini hujulikana kuizuia. Piperini imeonekana pia kubadili viwango vya rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na fenitoini, dawa ya kifafa. Mgonjwa wa kifua kikuu ana sababu nyingine ya kujihadhari: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zenyewe zinaweza kulemea ini.

Haya hayamaanishi kwamba mgonjwa akatae pilau au mchuzi. Kiasi cha manjano na pilipili manga kilichomo katika chakula ni kidogo. Kinachotakiwa ni kumweleza muuguzi, daktari au mfamasia kuhusu kila kapsuli, unga au dawa ya mitishamba anayotumia, bila kuogopa kukaripiwa. Mhudumu naye anapouliza kwa upole hupata jibu la kweli.

Ubora na uchakachuaji

Bei ya manjano hutegemea rangi, na hilo huwavutia wachakachuaji. Nchini Bangladesh watafiti walithibitisha mwaka 2019 kwamba baadhi ya wasindikaji walipaka tunguu kromati ya risasi ili zing'ae. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Serikali ilianza kukagua masoko na kutoza faini, na sehemu ya sampuli zenye risasi ilishuka kutoka 47% mwaka 2019 hadi 0% mwaka 2021.

Njia rahisi ya kujikinga ni kununua tunguu nzima, kuziosha, kuzikausha na kuzisaga au kuzitwanga nyumbani. Unga unaong'aa kupita kiasi au usio na harufu ya manjano unapaswa kutiliwa shaka, ingawa uthibitisho wa kweli hupatikana maabara tu.

Usimamizi nchini Tanzania

Tiba za asili husimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inasimamia dawa. Usalama wa vyakula ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli. TMDA na Mkemia Mkuu wana ofisi za kanda jijini Mbeya zinazohudumia Nyanda za Juu Kusini. Mnunuzi aangalie kama bidhaa ina namba ya usajili, jina la mtengenezaji, kiasi cha kurkumini, tarehe ya kuisha muda, na kama ina piperini au dondoo la pilipili manga. Bidhaa inayodai kutibu magonjwa mengi kwa pamoja, au inayomtaka mgonjwa aache dawa za hospitali, haifai kununuliwa.

Tazama pia

Tangawizi
Pilipili manga
Kwinini
Tiba asilia
UKIMWI nchini Tanzania